Suruali Iliyorudi Imepigwa Pasi

Mpendwa mshauri Bi Nthambi,

Naomba msaada wako, na kabla sijaanza naomba usicheke, kwa sababu habari hii nimemweleza mtu mmoja tu, rafiki yangu Samatar, naye alicheka mpaka akakaa chini kwenye kreti ya soda na mteja wake akaenda kununua nyama kwingine. Mimi ni mwanamume wa miaka sitini na mbili, mtu wa Bungoma ila nakaa Nairobi, mtaa wa Tena, nauza mbuzi soko la Kiamaiko tangu nikiwa na nywele zote, nina mke mmoja anaitwa Muhonja, na kifungua mimba wetu Wanyonyi anaoa mwezi wa Disemba. Ningekuwa mtu wa furaha. Lakini hivi ninavyokuandikia nalala kwenye kochi la sebuleni, miguu inaning'inia nje kwa vile kochi lenyewe ni la watu wawili waliokaa, na yote ni kwa sababu ya mwanamke ambaye hayupo.

Mambo yalianza mwaka juzi, nilipoanza kwenda haja ndogo kila saa, nikasema ni chai, nikapunguza chai, haja haikupungua, basi nikaenda hospitali wakanitoa damu wakapima kitu kinaitwa PSA, daktari akasema kiko juu, huenda ni tezi dume, lazima wachukue vipande vidogo kwa sindano wavipeleke maabara waone kama kuna saratani. Muhonja nilimwambia naenda Isiolo kutafuta mbuzi. Unajua mke wangu ni mtu wa chama cha akina mama kanisani, na huko ukiwa na ugonjwa unaombewa kwa jina lako na kwa kiungo chako, kwa kipaza sauti, nami sikutaka tezi yangu isikike mpaka mtaa wa Umoja. Pia, mshauri, nikueleze ukweli, nilihofia ataniona nimekwisha. Basi nikaenda, wakachukua vipande kumi na viwili, nikarudi nyumbani natembea kama niliyepanda ngamia kutoka huko Isiolo mpaka Tena, nikamwambia ni ubovu wa barabara. Majibu yalipotoka hakukuwa na kitu. Nilijinunulia mbavu nikazichoma, nikazila peke yangu, nikamshukuru Mungu.

Kumbe bado. Mwaka huu damu ikapimwa tena, PSA imepanda zaidi. Daktari akanipeleka kwenye ile mashine ya MRI, unalazwa ndani kama mkate kwenye tanuri halafu inagonga gongagonga, na picha ikaonyesha doa, liko upande wa mbele wa tezi, mahali ambapo sindano za kwanza hazikufika. Nikamwuliza, daktari, kwa hivyo mara ya kwanza mlikuwa mnabahatisha? Akasema, "Hapana mzee. Mara ya kwanza tulikuwa tunaiona tezi, lakini doa tulikuwa hatulioni." Akanieleza kwamba safari hii watachukua ile picha ya MRI waiweke pamoja na picha ya mashine nyingine inayoonyesha tezi papo hapo, halafu sindano itafuata picha mpaka kwenye doa lenyewe.

Mimi sikupenda. Huko Kiamaiko najulikana kwa mkono wangu. Nikimshika mbuzi kiunoni nakwambia ana mafuta ama ana maji, na watu hutoka mpaka mtaa wa Pipeline kuja kuniomba niwashikie mbuzi wa harusi. Sasa mtu wa mkono kama mimi aambiwe habari za picha! Lakini niliona daktari hacheki, nikakubali, nikamwambia Muhonja naenda tena Isiolo.

Sasa sikiliza siku yenyewe. Nilivuliwa kila kitu nikapewa lile gauni la kijani lisilo na mgongo, nikalazwa chali, miguu ikapandishwa kwenye vyuma viwili, mmoja huku na mwingine kule, mshauri, nimefunga mbuzi wengi maishani na siku hiyo niliwaonea huruma wote. Daktari akasema tungoje kidogo, sista anakuja na mashine. Pazia likafunguliwa. Sista akaingia akiisukuma mashine. Na sista huyo, Bi Nthambi, alikuwa Sista Millicent.

Sista Millicent ni nani? Ni mama yake Kate, msichana anayeolewa na mwanangu Wanyonyi. Ni mkwe! Mwezi uliopita tu nilikuwa nyumbani kwake na wazee wetu, nimevaa suti na tai, nimekaa kwenye ukingo wa kiti, nikaacha paja zima la kuku kwenye sahani kwa sababu kwetu huwezi kung'ofoa mfupa mkwe anakuangalia, hata chafya niliimeza ikanitoka kwa macho. Mkwe kwetu unamsalimia kwa mbali. Hukai naye kiti kimoja, humpiti karibu, akiwa jikoni wewe hata jikoni huchungulii. Nilijua anafanya kazi hospitali, lakini kwa vile ni mama mpole nilidhani anapima watoto uzito.

Na pale alipoingilia, mshauri, uso wangu ndio ulikuwa mwisho wa kuonekana. Alikuja akisoma jina langu kwenye kadi, akasema "Mzee Wesonga?" kama anayeuliza, akainua macho, akaona alichoona, akaendelea kuinua mpaka akafika usoni. Akasema, "Yesu." Mimi nikasema, "Mulembe," kwa sababu ndivyo tunavyosalimiana.

Akafunika uso kwa ile kadi akarudi kinyumenyume, akagonga meza ya vifaa, vikamwagika. Mimi hata sijui miguu niliitoaje kwenye vile vyuma. Nilijikuta kwenye korido nashika gauni kwa nyuma kwa mkono mmoja, daktari anaita "Mzee! Mzee!", na askari wa getini akaniuliza karatasi ya ruhusa, nikamwambia naenda tu kununua maziwa. Nikapata mtu wa bodaboda. Akaniangalia juu mpaka chini, akasema, "Buda, umehepa wodi ama umehepa bibi?" Nikamwambia Kiamaiko, endesha. Upepo wa barabara ya Outering si rafiki wa gauni la hospitali, hilo naomba uwaambie wasomaji.

Samatar, baada ya kumaliza kucheka, akanipa kikoi chake anachovaa akienda kuswali. Nikaenda nacho nyumbani. Muhonja akanikuta mlangoni, akasema, "Baba Wanyonyi, umesilimu?" Nikamwambia mbuzi amenichafulia suruali nimeiacha sokoni. Akaamini. Ningekufa na siri hiyo.

Lakini kesho yake asubuhi tukiwa mezani mlango ukagongwa, ni mtu wa bodaboda mwingine na mfuko wa karatasi. Akamwambia mke wangu, "Mathe, nimetumwa na madam flani. Hii ni ya mzee, aliiacha jana." Muhonja akafungua. Ilikuwa suruali yangu. Imefuliwa, imepigwa pasi, mstari umesimama utadhani inataka kutembea yenyewe, mshipi umekunjwa vizuri, simu yangu imo mfukoni imezimwa, na soksi zimeingizwa moja ndani ya nyingine. Muhonja akauliza, "Madam gani?" Yule kijana akasema, "Jina hajasema. Amesema mzee ataelewa."

Mke wangu hakupiga kelele. Alikaa na ile suruali mapajani akapitisha kidole kwenye mstari, akasema, "Miaka thelathini na nne nimekufulia. Sijawahi kuitoa hivi." Halafu akaniuliza, "Ni nani?"

Mshauri, pale nilikuwa na njia mbili. Moja ni kusema nilikuwa nimelala chali mbele ya mama ya Kate, na mambo ya tezi, na doa, na kwamba Isiolo zote mbili zilikuwa uongo. Nyingine ndiyo mdomo wangu uliichagua wenyewe bila kuniuliza. Nikasema, "Nisamehe, Mama Wanyonyi. Ni kweli nina mtu."

Akataka jina. Nikataja la kwanza lililonijia, Hibaq, kwa sababu limeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye kibanda ninachokunywa chai kila siku pale sokoni. Nikaona yeye anaunganisha: kikoi, Hibaq, Kiamaiko. Siku ile ile akachukua akina mama wawili wa kanisa wakaenda kumtafuta. Walimpata. Hibaq ni shangazi yake Samatar, ana miaka karibu themanini, macho hayaoni vizuri, aliwapokea akawakalisha akawapa chai ya tangawizi na mahamri, akamwambia Muhonja ana uso mzuri. Mke wangu alirudi na hasira maradufu, kwamba namsingizia mama wa watu ili nimfiche yule mwenyewe. Samatar naye alipopata habari amesema hanitaki kwenye kibanda mpaka nimwombe shangazi yake radhi.

Na juu ya hayo hospitali wanapiga simu. Juzi Muhonja aliichukua, sauti ya msichana ikasema, "Naomba kuongea na mzee, tunamngoja arudi tumalizie." Mke wangu akauliza mmalizie nini. Akajibiwa, "Samahani mama, ni jambo la faragha, siwezi kukueleza."

Sasa Muhonja amesema hatakanyaga siku ya kupeleka mbuzi wa mahari mpaka huyo mwanamke ajulikane mbele ya wazee wa kanisa, na siku hiyo iko karibu, na tunaowapelekea ni akina Sista Millicent, nitamtazamaje, na mwanangu ananiuliza, "Mzee, kwani kuna nini?" Nimefikiria kutafuta mama yeyote mwenye heshima akubali kusema ndiye yeye, aombe msamaha, mambo yaishe. Au nimwambie Wanyonyi asogeze harusi? Na lile doa, je, nikiliacha tu? Haliniumi. Nakula vizuri, nabeba mbuzi begani, sijisikii mgonjwa.

Nisaidie. Mke wangu husoma ukurasa wako kila Jumamosi, hata huukata akauweka chini ya godoro, ndiyo maana nakuamini. Ukitaka chapisha, wanaume wengine wajifunze, lakini jina langu tafadhali usilitaje.

Ni mimi niliyelala kochini, Tena.

*

Wewe uliyelala kochini,

Nimecheka. Uliniomba nisicheke na nimeshindwa, ulipofika kwenye "Mulembe" ilibidi niiweke barua chini nitafute leso. Kisha nikaisoma mara ya pili na kicheko hakikuja, kwa sababu katikati ya suruali na kikoi na chai ya tangawizi umeficha neno moja ambalo ndilo barua yenyewe: kuna doa, na hujarudi. Mengine yote uliyoandika ni vumbi ulilolitimua ili mtu asilione hilo, na wa kwanza usiyetaka alione ni wewe.

Nimejibu barua za wanaume kwa miaka. Wenye hawara huniandikia niwafundishe kukana. Wewe ndiye wa kwanza kuniomba hawara wa kuazima! Mtu mzima, baba wa watu, umekiri dhambi ambayo hukuitenda ili ufiche ugonjwa ambao hukuuomba, halafu ukamtwika dhambi hiyo bibi kizee asiyeona vizuri ambaye kosa lake ni kukupikia chai. Aibu hiyo ndiyo ungeikimbia.

Tuanze na mkono wako. Nimekubali, wewe ni bingwa wa kushika viuno vya mbuzi. Lakini niambie, umewahi kumshika mbuzi ukajua ana minyoo kwenye ini? Hujui. Anapasuliwa, mkaguzi wa nyama anakuja na kisu chake, na hakati popote anapojisikia, anakata pale anapoona dalili. Ndivyo daktari anavyotaka kukufanyia. Nimempigia daktari wa mambo haya, sikukutaja, na amenieleza kwa lugha ambayo hata mimi nimeielewa. Ile mara ya kwanza walitawanya sindano sehemu mbalimbali za tezi, na ni njia nzuri, imeokoa wengi, lakini doa likijificha kwa mbele linaweza kukwepwa. Kwa hiyo yale majibu mazuri uliyoyachomea mbavu yalikuwa ya zile sehemu zilizochukuliwa. Kwa lile doa hayakusema neno, na damu yako ndiyo ilirudi kupiga kelele. Sasa doa limeonekana, sindano itapelekwa na picha mpaka hapo. Daktari yule hakutukani mkono wako. Anakwambia tu kwamba pale hapafikiki kwa kukisia.

Na usinieleze habari za "haliniumi". Saratani hii mwanzoni haiumi, ndivyo inavyowapata watu wenye nguvu za kubeba mbuzi begani. Tena sikuambii unayo! Doa si lazima liwe saratani, na hata likiwa, nyingine ni za polepole, daktari huzichunga tu kwa vipimo mtu akaishi akazeeka, na nyingine hutibika vizuri zikiwahiwa. Lakini ni ipi yako, hilo hulijui wewe, silijui mimi, na halijui kochi. Linajulikana kwa sindano.

Sasa Sista Millicent. Umeandika kana kwamba mama huyo amekuvunjia mila. Hebu mtazame vizuri. Aliingia kazini kwake, akakukuta, akafunika uso akatoka kinyumenyume asikupe mgongo, hata akaangusha vifaa vya serikali kwa sababu ya heshima yako. Akaokota suruali yako ulipoiacha. Angeweza kuipa askari, na hospitali nzima ikajua. Akaenda nayo kwake akaifua, akaipiga pasi, akakunja mpaka soksi, na kwa kuwa mkwe haji kwa mkwe amembebea suruali yake, akatuma mtu na akakataa kutaja jina ili asikuaibishe. Hata bintiye Kate hakumwambia, maana angemwambia, mwanao asingekuwa anakuuliza kuna nini. Mama huyu ameitunza mila kuliko wewe uliyeikimbiza na gauni kwenye Outering. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha mwema hasemi. Wewe hata maiti hujawa, na nadhani mama huyo angependa ubaki hivyo hivyo mpaka harusi ipite.

Kwa hiyo chukua simu leo, si kesho, piga hospitali wewe mwenyewe, usingoje wakutafute. Sema hivi: "Sista aliyeingia siku ile ni mkwe wangu, naomba mwingine." Basi. Hawatacheka, na wakicheka watacheka ukishafunga simu. Hospitali za Nairobi zimejaa wakwe, hamkuwa wa kwanza, na nakuhakikishia Sista Millicent ameshaomba abadilishiwe zamu kabla yako. Ukifika waeleze dawa zote unazotumia, hasa zile za kufanya damu iwe nyepesi kama unazo, uulize kuhusu kula na kunywa, na uulize baada ya hapo utegemee nini. Daktari ameniambia unaweza kuona damu kidogo kwenye mkojo kwa siku chache, na hata kwenye mbegu za kiume kwa muda mrefu zaidi, usishtuke ukaandika barua nyingine. Lakini ukipata homa, au mkojo ukikataa kutoka, rudi hospitali mbio, na safari hii ukimbie ukielekea ndani.

Na kama wazee wenu wa Bungoma wanasema jambo kama hili kati ya wakwe lina namna yake ya kufutwa, mwite mjomba, toeni kinachotolewa, liishe. Wewe wa Kiamaiko usiniambie umekosa mbuzi.

Kisha nenda kwa Bibi Hibaq. Nenda na sukari na majani ya chai, umrudishie na Samatar kikoi chake kikiwa kimefuliwa, ukifue kwa mikono yako, kwa sababu nyumba yenu haiwezi kustahimili nguo nyingine iliyofuliwa na mtu asiyejulikana. Mwambie bibi ulilitumia jina lake vibaya na unamwomba radhi. Ya kutafuta mama wa kujifanya hawara, thubutu! Nikisikia umelifanya nitachapisha picha yako. Na harusi isisogezwe hata kidogo. Kijana wa watu asicheleweshwe na tezi ya babake.

Nimekuja kwa Muhonja, na hapa sina mzaha. Unaogopa atakuona umekwisha. Ndugu yangu, mwanamke huyo kwa wiki nzima anaamini kwamba miaka thelathini na nne ya kukufulia imeshindwa na pasi ya mtu mwingine. Umemwona akipitisha kidole kwenye ule mstari na bado ukamdanganya. Ulidhani unamkinga na habari mbaya, kumbe ulimpa mbaya zaidi, na ya uongo. Mficha uchi hazai, na wewe umezaa, kwa hiyo kwa Muhonja huna jipya la kuficha. Kaa naye mezani. Iweke suruali ile ile katikati yenu. Anza na Isiolo ya kwanza. Atakasirika sana, na ana haki, umwache akasirike mpaka amalize. Kama hutaki kuombewa kwa kipaza sauti, mwambie hivyo, ataelewa, hata mimi naelewa. Lakini usimnyime mke wako nafasi ya kukuombea akiwa peke yake chumbani.

Kuna jambo moja la mwisho, na ni la haraka. Majina yote nimeyabadilisha kama ulivyotaka. Ila suruali siwezi kuibadilisha, wala gauni, wala kikoi, na kule Tena gazeti likifika Jumamosi asubuhi hakuna atakayeuliza ni nani. Ulimchagua mshauri ambaye mke wako humweka chini ya godoro, baba, sijui ulikuwa unafikiria nini. Au pengine ulijua. Pengine ulitaka nimwambie mimi. Basi sitakusaidia hivyo. Leo ni Jumanne na jibu hili nimekutumia kwa simu kabla halijaenda mtamboni, una nafasi ya kukaa na Muhonja mpaka Ijumaa jioni. Mwambie wewe.

Na wewe mama wa Tena, kama umefika hapa na mzee hajakuambia, naomba uketi. Mwanamke unayemtafuta hayupo, hajawahi kuwapo. Aliyeipiga pasi ile suruali ni mtu mwema wa hospitali aliyekustahi wewe na mumeo. Kuna mwanamume tu kwenye kochi lako, naye ni mwoga, anaogopa kufa na anaogopa zaidi kuonekana anaogopa. Mtukane kwanza, nimekuruhusu. Halafu mpeleke hospitali ukae naye, na ukae kwenye kiti cha karibu na mlango, kwa sababu kukosa suruali hakukumzuia mara ya kwanza.

Bi Nthambi